Mchujo napita, oral nakwama: jopo linatafuta nini hasa?

#1 Kibarua Msomi
Wakuu salaam. Kada yangu ni ununuzi na ugavi, shahada ninayo, bodi yetu ya taaluma, PSPTB, nimesajiliwa. Pepa ya mchujo hainisumbui: PDF likitoka najitafuta kwa namba ya mtihani, naona alama nzuri na SELECTED mbele yake. Nikishaingia kwenye oral, usaili wa ana kwa ana, basi. Tangazo la kuitwa kazini nalikagua kuanzia juu mpaka chini, jina halimo.

Safari hii ilikuwa taasisi moja ya umma, siitaji. Jopo la watu watano, mmoja anasoma maswali, wengine wanaandika tu, uso hawanyanyui. Nilitoka pale nikijua nimemaliza kazi. Msimamo wangu kwa sasa: oral imeshaamuliwa kabla hujapiga hodi, wengine tunasindikiza. Anayebisha aje na hoja, asije na "mwamini Mungu".

#2 Njugu Mawe
Mwamini Mungu mkuu 😂

#3 Mangi wa Himo
Weka swali moja uliloulizwa na ulichojibu, neno kwa neno. Kila siku watu wanalia koneksheni humu, ukiwaambia waandike majibu waliyotoa uzi unakufa hapo hapo.

#4 Kibarua Msomi
Haya. Swali: "Eleza hatua za ununuzi wa ushindani kuanzia mahitaji mpaka mkataba." Nikaanza na mpango wa mwaka wa ununuzi, idara tumizi inaleta mahitaji, kitengo cha ununuzi kinaandaa nyaraka, Bodi ya Zabuni inaidhinisha, tangazo linapanda kwenye mfumo wa zabuni wa TANePS, ufunguzi, kamati ya tathmini, tuzo, mkataba. Nimeacha nini hapo?

#5 Bibi Karani
TANePS, mwanangu? Serikali imehamia NeST tangu 2023. Na sheria uliyosomea chuoni, ile ya 2011, imefutwa. Inayotumika ni ya 2023 pamoja na Kanuni zake za 2024. Halafu umeruka notisi ya kusudio la kutoa tuzo, ile inayompa mzabuni aliyekosa nafasi ya kulalamika kabla mkataba haujasainiwa. Hilo ndilo jambo ambalo mtu aliyekaa ofisini hawezi kulisahau, maana ndipo kelele zote zinapoanzia.

#6 Kibarua Msomi
Nilisema "TANePS ambayo sasa ni NeST", nilizitaja zote mbili. Sasa mtu anyimwe kazi kwa jina la mfumo?

#7 Njugu Mawe
Kwenye #4 hukuandika hivyo lakini. Au jopo letu nalo limeshaamua?

#8 Ngedere Mweupe
Bibi Karani kagusa penyewe. Sisi wa utumishi tuna yetu: mtu anaulizwa upimaji wa utendaji kazi anaimba OPRAS mwanzo mwisho, wakati watumishi wako kwenye PEPMIS. Wahasibu nao wanataja mfumo wa Epicor, ofisini kuna MUSE. Vitini vya kupeana WhatsApp ni vya zamani, watu wanavikariri kama msahafu.

#9 Chaukucha
Nyie mnaongea kama jopo lenyewe. Niwape ya kwangu, kampuni moja binafsi hapa Dar. Tuko kwenye benchi tunasubiri zamu, kijana mmoja anaingia, katibu muhtasi anamsalimia "Baba mdogo hajambo?" Alikaa ndani muda mfupi kuliko sisi sote. Baadaye nikapiga simu ofisini kuulizia majibu, aliyeipokea ni yeye. Kanijibu kwa adabu kabisa, "dada, nafasi zilishajaa". Sasa hapo mimi ningetaja NeST ingenisaidia nini?

#10 Mangi wa Himo
Pole dada, lakini hiyo ni kampuni ya mtu, anaweza kumwajiri mpwa wake na asiulizwe. Serikalini ndiyo maana pakawekwa Sekretarieti ya Ajira kwa Sheria ya Utumishi wa Umma, ili chombo kimoja kitangaze nafasi na kuendesha usaili badala ya kila ofisi kujiajiria. Sisemi binadamu wa kule ni malaika. Nasema usichukue kesi ya benchi la Dar ukaihukumia Dodoma.

#11 Ngosha wa Hesabu
Tuache hisia, tugawanye. TRA 2025: nafasi 1,596, maombi zaidi ya 135,000. Hapo ni watu kama 85 kwa kiti kimoja. Usaili wa walimu ulioanza Januari 2025: nafasi 14,648, maombi zaidi ya 200,000, kama watu 14 kwa kiti. Uhamiaji 2014 pale Uwanja wa Taifa: zaidi ya watu 10,000 kwa nafasi 700. Hata jopo likiwa la mama zenu wazazi, wengi wenu mtakosa. Hakuna siri hapo.

#12 Bibi Karani
Uhamiaji ilikuwa nafasi 70, Ngosha. Sifuri moja umeongeza wewe.

#13 Ngosha wa Hesabu
Ahsante Bibi. Basi hoja yangu imezidi kuwa nzito mara kumi 😀

#14 Mkeka wa Ukili
Hoja ya Ngosha ni nzito getini tu. Kibarua anasema mchujo anapita. Ukishafika oral ile bahari ya watu imeachwa nyuma, umebaki na wachache mnaogombea kiti. Kama kila mara ndani ya wale wachache wewe ndiye unayekosa, hiyo si hesabu tena.

#15 Chaukucha
Ni koneksheni.

#16 Mkeka wa Ukili
Au ni namna anavyojibu.

#17 Dada wa Rasilimali
Habari za humu. Nafanya kazi za rasilimali watu kwenye shirika lisilo la kiserikali na nimekaa upande wa pili wa meza mara nyingi, kwa hiyo naongelea ninakokujua.

Hao wasionyanyua uso hawajakununia, wanajaza karatasi. Kila mwanajopo ana fomu yake: swali, hoja zinazotarajiwa, alama za kila hoja. Tunajaza kila mtu kivyake kisha zinajumlishwa. Ukizungumza vizuri kwa dakika tatu lakini hoja ni moja, umepata alama ya hoja moja. Watu wanatoka wanachekelea kwa sababu waliongea sana.

Nitoe mfano wa kada ya mleta uzi, maana swali hili naliuliza mwenyewe: "Mkuu wako anakuagiza ugawanye ununuzi wa samani vipande vidogo ili usifikie kiwango cha kutangaza zabuni. Utafanyaje?" Wengi wanajibu, "Nitakataa kwa sababu ni kinyume cha maadili." Kimya. Wananitazama. Hiyo ni hoja moja na hata hujaimaliza.

Anayepata alama anajibu hivi: kwanza anakiita kitendo kwa jina lake, kwamba huko ni kugawanya ununuzi ili kukwepa ushindani na sheria inakataza. Pili anasema atamshauri mkuu wake kwa maandishi, kwa dokezo, si kwa kubishana korido. Tatu anakumbusha kwamba mwenye dhamana ya mwisho ni Afisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi, kwa hiyo ushauri ule lazima umfikie. Nne, na hapa ndipo wengi hawafiki, anatoa njia mbadala: labda samani hizo zipo kwenye mikataba maalumu ya GPSA, wakala wa ununuzi serikalini, zinaweza kupatikana haraka bila kuvunja sheria. Maana mara nyingi bosi haibi, ana haraka. Mwisho anasema shinikizo likiendelea kuna PPRA, wadhibiti wa ununuzi wa umma, na TAKUKURU. Dakika mbili, hoja tano. Maadili ameyaonyesha bila kuyahubiri.

#18 Njugu Mawe
Dada, una nafasi huko kwenye shirika lenu? Naulizia rafiki yangu.

#19 Mzee Kijiwe
Jibu zuri, ila mimi mstaafu nawaambia ukitaja TAKUKURU mbele ya jopo la wakuu wa idara unaonekana mchongezi kabla hujaajiriwa. Ishia kwa Afisa Masuuli.

#20 Ngedere Mweupe
Shikamoo Mzee. Mimi naona kinyume: usipowataja unaonekana mwoga, utasaini chochote utakacholetewa. Siku hizi wanauliza uadilifu makusudi.

#21 Mzee Kijiwe
Marahaba. Na Afisa Masuuli akiwa ndiye aliyetoa agizo je? Dada wa Rasilimali hapo kapita haraka.

#22 Dada wa Rasilimali
Shikamoo Mzee, hilo ni swali la nyongeza na huwa naliuliza kweli. Sijawahi kusikia jibu moja linaloridhisha wanajopo wote. Mimi nampa alama anayebaki kwenye maandishi.

#23 Mswahili wa Tandika
Mbona hamgusi Kizungu? Tatizo la Kibarua na la maelfu ni hilo. Pepa ya mchujo unaweka tiki kwa Kiingereza, haikudai kuongea. Oral unatakiwa ujieleze. Mtu anaijua kazi, ukimuuliza kwa Kiswahili anakupangia stoo yote, ukimgeuzia Kiingereza anaanza kutafuta maneno darini. Jopo linaandika "hana uelewa".

#24 Mangi wa Himo
Mimi niliomba nichanganye lugha, wakaniambia endelea. Nikaipata kazi.

#25 Mswahili wa Tandika
Mimi niliomba, mwenyekiti akaguna. Sikujua ile guno ni ruhusa au ni msiba.

#26 Mwalimu Daftari
Guno ni ruhusa 😂. Kwa uzito wake: suala si kujua Kiingereza cha BBC, ni mazoezi ya kusema kazi yako kwa sauti. Nilijirekodi kwa simu nikijibu "Tell us about yourself". Nilipojisikiliza nilitaka kuizima simu. Nimezaliwa Masasi, nikasoma shule ya msingi nanihii, mtoto wa tatu kati ya saba... Nani aliniuliza watoto wa baba yangu? Nikaifuta, nikaanza na shahada, nilichofanya kwenye mafunzo kwa vitendo, na kwa nini naiomba nafasi ile. Nikarudia mpaka ikatoka bila kukwama.

#27 Njugu Mawe
Mtoto wa tatu kati ya saba ni taarifa muhimu, jopo linajua una wategemezi.

#28 Fundi Vyeti
Mnabishana ya ndani, kuna wanaoishia mlangoni. Tangazo la usaili linasema wazi kila mara na watu hawasomi: vyeti halisi, kuanzia cha kuzaliwa, kidato cha nne, cha sita, mpaka chuo. Testimonial, provisional results na result slip za kidato cha nne na sita havikubaliki. Namba ya mtihani unanakili mwenyewe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini, siku ya usaili haitolewi. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

Na jina. Cheti cha kuzaliwa Mohamed, cha nne Muhamed, NIDA Mohammed. Watu wa Pwani na Tanga mnanielewa. Nendeni mkafanye deed poll, hati ya kurekebisha jina, mapema, msisubiri kuitwa.

#29 Mkeka wa Ukili
Kiapo cha wakili si kinatosha?

#30 Fundi Vyeti
Hapana. Kiapo ni karatasi ya wakili. Deed poll inatakiwa iwe imesajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nimeona mtu akirudishwa kwa hilo, na alikuwa amelala kwenye basi usiku kucha. Kumbukeni pia uhakiki wa 2017 ulioondoa watumishi 9,932 kwa vyeti vya kughushi. Tangu hapo kwenye vyeti hakuna utani.

#31 Pwani ya Likoni
Ndugu zangu wa Bongo, poleni, lakini deed poll ndiyo mwalilia? Njooni huku kwetu Kenya: cheti cha maadili mema cha polisi wa DCI, HELB ya mkopo wa chuo, KRA ya kodi, EACC ya ufisadi, na CRB kuonyesha kuwa hudaiwi. Mtu hana kazi, atalipaje mkopo ili apewe karatasi ya kuombea kazi ya kulipia mkopo? Sheria ilirekebishwa 2022, mwajiri asizidai mpaka awe keshaamua kukuajiri. Matangazo mengine bado yazitaka siku ya kwanza, na nani atagoma kuzipeleka?

#32 Ngosha wa Hesabu
Aisee, hiyo ya mkopo imenimaliza. Karibu kaka.

#33 Mwana Makole
Kwa wanaokuja Dodoma: tangazo likisema UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, usidhani ni jengo moja. Ni mji. Ndaki ya kompyuta na ile ya elimu si pua na mdomo. Ukishuka bodaboda kwenye ndaki ambayo siyo, utatembea ukiwa na viatu vya ngozi kwenye jua la Dodoma na utaingia kwa jopo umelowa. Fika jana yake, kakague chumba kwa macho. Lala Ng'ong'ona, ni karibu. Kutoka Dar treni ya SGR daraja la kawaida ni 31,000, basi linapungua kidogo lakini treni haikuchoshi, na unaweza kusoma njiani.

#34 Chaukucha
31,000 kwenda, 31,000 kurudi, gesti, chakula. Kwa mtu asiye na kazi. Hiyo nayo ni koneksheni, koneksheni ya hela.

#35 Mwana Makole
Hapo umesema ukweli. Afadhali sasa usaili mwingine unafanyika mikoani, hata walimu wale wa Januari walifanyia mikoani.

#36 Mtoto wa Karani
Naomba kuuliza, kanzidata ikoje? Rafiki yangu kaambiwa amefaulu ila nafasi zimejaa, jina limebaki kanzidata. Ndiyo kaburi lenyewe?

#37 Njugu Mawe
Ni kaburi lenye anwani.

#38 Ngedere Mweupe
Si kweli. Soma matangazo ya kuitwa kazini, huwa yanaandika kabisa kwamba orodha inajumuisha waliokuwa kwenye kanzidata. Binamu yangu alifanya usaili wa taasisi moja, akapangiwa nyingine kabisa, mkoa ambao hajawahi kuukanyaga. Alikuwa keshafungua kibanda cha miamala.

#39 Chaukucha
Na kibanda kafunga?

#40 Ngedere Mweupe
Kamwachia mkewe. Kinaingiza kuliko mshahara wake 😅

#41 Fundi Vyeti
@Mtoto wa Karani mwambie rafiki yako simu yake isizimwe na barua pepe aifungue. Na atakayempigia kusema "tuma elfu hamsini jina litoke kanzidata" ni tapeli, hata akijua namba yake ya mtihani. PDF za matokeo ziko wazi, kila mtu anazisoma, wao pia.

#42 Dada wa Rasilimali
Niongeze lingine. Wengi mnagonga mlango mmoja. Ajira Portal ni sehemu moja tu. Mashirika ya kimataifa yanatangaza kwenye tovuti ya ReliefWeb na kwenye kurasa zao. Benki nyingi zina ukurasa wao wa ajira ambao watu hawaufungui, wanasubiri picha ya tangazo WhatsApp ikiwa imebakiza siku moja. Halmashauri zikipata kibali hutangaza zenyewe watendaji wa vijiji, madereva, waandishi waendesha ofisi, na tangazo linabandikwa ubaoni na kwenye tovuti ya halmashauri. Waombaji pale huwa ni wale wanaopita kuangalia ubao.

Na barua. Napokea barua ya kuomba uafisa ununuzi inayomsifu mkurugenzi wa shirika jingine. Mtu kabadilisha tarehe tu.

#43 Mzee Kijiwe
Zamani tulibandikiwa kwenye Daily News na Uhuru, unakata kipande cha gazeti unakiweka kwenye bahasha pamoja na barua.

#44 Njugu Mawe
Mzee zamani hiyo jopo lilikuwa linamfuata mtu chuoni.

#45 Mzee Kijiwe
Ni kweli, walinifuata. Usiniulize mwaka.

#46 Kibarua Msomi
Nimesoma yote, ahsanteni. Kanuni za 2024 nazishusha leo. Lakini bado hamjanijibu moja: pale tulikuwa wachache, na aliyechukuliwa namfahamu, tumesoma naye, mimi ndiye niliyekuwa namfundisha. Koneksheni hana, baba yake anauza mkaa Mbagala. Kiingereza chake ni kama changu. Yeye kawashinda nini?

#47 Mwalimu Daftari
Ulimuuliza alijibu nini?

#48 Kibarua Msomi
Ananiambia hakumbuki, alijibu kama anavyofanya kazini. Amejitolea muda mrefu stoo ya hospitali ya wilaya.

#49 Mkeka wa Ukili
Eti "ananiambia hakumbuki" 😂😂 Mkuu, jamaa anapokea mzigo kila wiki, anajaza leja na kukataa dawa zilizobakiza muda mfupi. Wewe unakariri hatua.

#50 Chaukucha
Kujitolea bila posho nako kunahitaji mtu wa kukulisha. Mnalipita hilo haraka sana.

#51 Ngosha wa Hesabu
Na anayejitolea hospitali moja ana wenzake ishirini wanaojitolea. Narudi kwenye kugawanya.

#52 Bibi Karani
Ngosha, na sifuri zako. Wanangu, tufanye jambo: Jumamosi saa tatu usiku tufungue kundi la sauti, kila mtu aje na swali moja la kada yake, wengine wawe jopo. Ununuzi njooni na NeST, hesabu njooni na MUSE. Dada wa Rasilimali atusaidie fomu ya alama kama ana muda.

#53 Dada wa Rasilimali
Ninao. Ila sitanyanyua uso.

#54 Mswahili wa Tandika
Lugha?

#55 Bibi Karani
Mtakayoomba. Nitaguna.

#56 Suka wa Kibaigwa
Kada yangu ni dereva daraja la pili, usaili wetu una vitendo. Nije na nini?

#57 Njugu Mawe
Njoo na gari, utupitie.